Volkswagen: gari la watu lilivyopata jina, likalichafua, na bado linauzika

Mwaka 1938 mfanyakazi wa Kijerumani aliyetamani gari alikuwa na njia moja ambayo serikali ilimpigia debe asubuhi na jioni: anunue stempu ya Reichsmark 5 kila wiki na kuibandika kwenye kadi. Bei ya gari ilitangazwa kuwa Reichsmark 990. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu wiki 200, miaka minne ya kubandika stempu bila kuruka hata wiki moja, na pesa yako haizai riba. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha. Hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa gari.

Gari hilo ndilo tunaloliita leo Volkswagen, yaani gari la watu, au tukipenda, gari la umma. Nimeanza na kadi ya stempu kwa sababu mazungumzo kuhusu kampuni hii huwa yanachanganya vitu vitatu vilivyotengana kwa miongo mingi. Mmoja atasema hilo ni gari la Hitler. Wa pili atakwambia babu yake alikuwa nalo, halikufa mpaka lilipouzwa. Wa tatu atacheka na kusema hao ni matapeli wa moshi wa dizeli. Wote watatu wana hoja, ila kila mmoja ameishika Volkswagen ya enzi yake.

Tuanze na huyo wa kwanza. Hitler alitaka gari dogo la familia, litakalobeba watu wazima wawili na watoto watatu, likimbie kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu mpya, na bei yake isizidi Reichsmark 1,000. Kazi ya kulisanifu alipewa Ferdinand Porsche mwaka 1934. Lakini kusema Porsche aliliota peke yake ni kuwadhulumu wengine. Josef Ganz, mhandisi na mhariri Myahudi, alikuwa amepigania kwa miaka gari dogo jepesi lenye injini nyuma, na mwaka 1933 gari lililojengwa kwa mawazo yake lilishaoneshwa Berlin. Alikimbia Ujerumani ya Wanazi na kufia Australia. Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra, kule Chekoslovakia, naye alikuwa na magari ya mgongo wa duara yenye injini nyuma inayopozwa kwa hewa. Tatra walidai wameibiwa ubunifu, Wajerumani wakaivamia nchi, kesi ikafa. Ilifufuka baada ya vita, na katika miaka ya 1960 Volkswagen ikalipa fidia.

Kiwanda nacho kilijengwa kwa pesa ya dhuluma. Wanazi walivunja vyama vya wafanyakazi mwaka 1933, wakataifisha mali zao, na sehemu ya mali hiyo ndiyo iliyojenga kiwanda kilichowekwa jiwe la msingi Mei 1938 karibu na Fallersleben. Vita vilipoanza, mitambo iligeuzwa kutengeneza magari ya jeshi. Karibu theluthi mbili ya waliofanya kazi humo wakati wa vita walikuwa watu waliolazimishwa: Wapolandi, Wasovieti, mateka wa vita, wafungwa wa kambi za mateso. Jumla yao ilifika kama 20,000. Watoto waliozaliwa na wanawake hao walinyang'anywa na kupelekwa kwenye nyumba ya malezi, ambayo baadaye ilihamishiwa kijiji cha Rühen, na zaidi ya watoto 300 walikufa kwa uchafu na kukosa matunzo. Daktari wa kiwanda aliyehusika alihukumiwa na mahakama ya Waingereza na kunyongwa. Kampuni yenyewe ilichelewa sana kulitazama jambo hili. Ilimwomba mwanahistoria Hans Mommsen alichunguze mnamo 1986, na kitabu kilitoka 1996. Mfuko wa kuwasaidia waliokuwa bado hai ulianzishwa 1998, zaidi ya nusu karne baadaye.

Na wale wenye kadi za stempu? Walishitaki. Kesi iliburuzwa mpaka 1961, wakapewa chaguo: punguzo la hadi mark 600 ukinunua Volkswagen mpya, au mark 100 taslimu.

Kilichoiokoa kampuni ni jambo ambalo mtu wa hadithi angelikataa kuwa si la kuaminika. Mwaka 1945 kiwanda kilikuwa kimepigwa mabomu na kimeangukia upande wa Waingereza. Mji uliokuwa ukiitwa Mji wa Gari la KdF, yaani la shirika la burudani la Wanazi, ulipewa jina jipya, Wolfsburg, kutokana na ngome ya zamani iliyoko jirani. Msimamizi aliyetumwa alikuwa Meja Ivan Hirst, mhandisi wa jeshi la Uingereza, ambaye hakuwa na miaka 30. Kiwanda kilikuwa kwenye orodha ya vitu vya kufungwa au kung'olewa. Hirst alifikiri tofauti: jeshi la Uingereza halina usafiri wa kutosha Ujerumani, mashine nyingi bado zinafanya kazi, na magari yanaweza kutengenezwa hapa hapa. Jeshi likaagiza magari 20,000. Watengenezaji wakubwa wa magari wa Uingereza walipewa nafasi ya kulitazama gari hilo wakalidharau: baya, lina kelele, halitauzika. Biashara ya magari imejaa watu waliokosea, lakini kosa la ukubwa huu ni nadra.

Januari 1948 uongozi alikabidhiwa Heinrich Nordhoff, aliyetoka Opel. Yeye ndiye hasa aliyejenga jina ambalo babu zetu walilifahamu. Siri yake ilikuwa ukaidi: umbo halibadilishwi, kinachobadilishwa ni kilicho ndani, kidogo kidogo, kila mwaka. Breki, kioo cha nyuma, nguvu ya injini. Na hakuna gari linalopelekwa nchi nyingine kabla ya spea na mafundi kufika. Agosti 1955 gari la milioni moja lilitoka kiwandani. Februari 1972 gari hilo lilivuka idadi ya Ford Model T, rekodi iliyokuwa imesimama tangu miaka ya 1920.

Kwa asiyewahi kulifungua, hebu tulitazame kwa karibu. Sisi watoto tuliliita kobe. Ukifunua boneti ya mbele unakuta tairi ya spea, tangi la mafuta na nafasi ya begi moja. Injini iko nyuma, silinda nne zimelala mbilimbili zikitazamana, zinapozwa kwa feni. Hakuna rejeta, hakuna maji, kwa hiyo hakuna cha kuchemka katikati ya pori. Injini nzima imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti nne: watu wawili na jeki waliweza kuishusha chini ya mti. Magari ya miaka ya 1950 hayakuwa hata na geji ya mafuta. Gari lilianza kukwama, dereva anasukuma kwa mguu kiswichi kidogo chini ya dashibodi kufungulia mafuta ya akiba, kisha anaanza kuomba Mungu kituo kiwe karibu. Miaka ya 1960 maji ya kuoshea kioo yalirushwa kwa upepo wa tairi ya spea. Mzee aliyeosha kioo mara nyingi mno aligundua siku ya pancha kwamba spea nayo imepungukiwa upepo.

Hapa Afrika Mashariki jina hilo lilithibitishwa kwenye tope. Mashindano ya Safari Rally yalipoanza 1953 barabara nyingi zilikuwa vumbi jekundu linalogeuka utelezi mvua ikinyesha. Volkswagen iliibuka mshindi mwaka 1954, ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikarudia 1957, na tena 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad. Uzito wa injini ulikandamiza magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, kwa hiyo gari lilipanda matope ambamo magari yenye nguvu zaidi yalibaki yakizungusha tairi. Ndugu yake mkubwa, Kombi, aliyezaliwa kutokana na mchoro wa kalamu wa Mholanzi Ben Pon mwaka 1947, alibeba watalii, wamisionari na abiria hadi jina lake likawa neno la kawaida la basi dogo.

Ila ukaidi una mwisho wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ilikuwa imebaki na kobe lilelile, wateja wanahama, hasara inaingia. Iliokolewa na mali iliyoinunua: Audi, iliyopatikana kutoka Daimler-Benz katikati ya miaka ya 1960, ilikuwa na ujuzi wa injini za kupozwa kwa maji zinazovuta magurudumu ya mbele. Humo ndimo ilimotoka Passat mwaka 1973 na Golf mwaka 1974, iliyochorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro. Golf ni kinyume cha kobe katika kila kitu: injini mbele, maji, kona kali. Ndiyo iliyobeba kampuni tangu hapo.

Sasa tufike kwenye fundo gumu zaidi, swali la nani hasa mwenye Volkswagen. Bila kulifungua, kashfa ya moshi wa dizeli ya 2015 haieleweki.

Waingereza walipoondoka 1949 waliikabidhi kwa serikali ya shirikisho na jimbo la Niedersachsen. Sheria maalumu ya mwaka 1960 iliruhusu sehemu kubwa iuzwe kwa umma, lakini jimbo lilibakiza kiasi cha kuliwezesha kuzuia maamuzi makubwa, na linashikilia asilimia 20 ya kura hadi leo. Wafanyakazi nao wanakalia nusu ya viti vya bodi ya usimamizi. Jimbo na wafanyakazi wakishikana, kufunga kiwanda Ujerumani ni karibu muhali. Upande wa pili kuna familia. Mtoto wa kiume wa Porsche ndiye aliyeifanya kampuni yenye jina lao kuwa ya kutengeneza magari ya spoti. Binti yake aliolewa na wakili Piëch, aliyekiongoza kiwanda cha Wolfsburg wakati wa vita. Mjukuu, Ferdinand Piëch, akaja kuwa mkuu wa Volkswagen kuanzia 1993.

Piëch alikuwa mhandisi hodari na bosi wa kuogopwa. Chini yake kundi lilikusanya Bentley, Lamborghini na Bugatti juu ya Seat na Skoda zilizokuwepo. Wakuu waliofanya kazi naye wamesimulia mtindo wake waziwazi: unapewa lengo na muda, ukishindwa unaondoka. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kisha jamaa wakataka kumezana. Oktoba 2008 kampuni ndogo ya Porsche ilitangaza kwamba ina asilimia 42.6 ya hisa za kura za Volkswagen, na mikataba ya kupata nyingine 31.5. Ongeza asilimia 20 za jimbo: zilizobaki sokoni hazikufika 6. Wakati huo huo kulikuwa na wachuuzi wa hisa waliokopa hisa za Volkswagen na kuziuza, wakitegemea bei ishuke ndipo wazinunue tena kwa bei nafuu na kuzirudisha. Waliokopa walikuwa wengi kuliko hisa zilizobaki. Wakakimbilia mlango mmoja, bei ikapaa hadi zaidi ya yuro 1,000 kwa hisa, na kwa muda mfupi Volkswagen ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani bila kuuza gari hata moja la ziada. Porsche nayo ilizama kwenye madeni, na mwishowe samaki alimezwa na yule aliyetaka kummeza: mwaka 2012 Volkswagen ilikamilisha kuinunua biashara ya magari ya Porsche. Familia lakini haikupoteza. Inashika zaidi ya nusu ya kura za kundi zima, na Qatar inafuatia kwa karibu asilimia 17. Kwa hiyo "gari la watu" ni gari la ukoo mmoja, jimbo moja na taifa moja la Ghuba.

Basi hiyo ndiyo nyumba ambamo dizeli ilipikwa. Mkuu wa wakati huo, Martin Winterkorn, aliyelelewa na Piëch, aliweka lengo la kuipita Toyota, na Marekani ndiko walikokuwa dhaifu. Mkakati ukawa dizeli safi. Tatizo ni la kikemia. Injini ya dizeli ikichoma kwa joto kali inakula mafuta kidogo lakini inatoa oksidi nyingi za naitrojeni, gesi zinazochoma mapafu. Unaweza kuzipunguza kwa mtego maalumu kwenye bomba la moshi au kwa kupuliza maji ya urea, lakini mtego unakula mafuta na kuchakaa, na urea inataka tangi lake na kujazwa mara kwa mara. Viwango vya Marekani vilikuwa vikali kuliko vya Ulaya. Wahandisi walishindwa kupata vyote kwa pamoja: bei ndogo, ulaji mdogo, nguvu na usafi. Nani angekwenda kumwambia bosi?

Badala yake waliandika programu. Gari linapopimwa moshi huwekwa juu ya rola: magurudumu mawili yanazunguka, mawili yamesimama, usukani haugeuzwi, mwendo unafuata ratiba inayojulikana hadi sekunde. Kompyuta ya injini ilizitambua dalili hizo, ikawasha mfumo wa kusafisha kwa nguvu zote. Ukitoka barabarani, usafishaji unalegezwa. Ni sawa na mpishi anayenawa mikono pale tu afisa wa afya anapopiga hodi.

Walioifichua kampuni hawakuwa wapelelezi. Shirika la utafiti wa usafiri safi, ICCT, lilitaka kuwaonesha Wazungu wa Ulaya kwamba dizeli ya Marekani ni safi kweli. Likawapa kazi watafiti wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia, wakafunga vipimo na jenereta ndani ya buti na kuendesha magari barabara za California. Jetta ilivuka kiwango kwa mara 15 hadi 35, Passat kwa mara 5 hadi 20. Walidhani vipimo vyao vimeharibika. Taarifa ilitoka Mei 2014. Kampuni ilisingizia hitilafu ndogo, ikaita magari yarekebishwe, wakaguzi wa California wakayapima tena na kuyakuta vilevile. Walipotishiwa kunyimwa kibali cha magari ya mwaka uliofuata, wakakiri. Mnamo Septemba 18, 2015 serikali ya Marekani ikaitangazia dunia. Magari yaliyohusika yalikuwa milioni 11 duniani. Winterkorn alijiuzulu siku tano baadaye. Gharama zilivuka yuro bilioni 30, na Mei 2025 mahakama ya Braunschweig iliwatia hatiani mameneja wanne wa zamani, wawili wakapewa kifungo.

Mimi naona kosa hili lilikuwa zito kuliko mabomba ya moshi. Kobe liliaminiwa kwa sababu fundi yeyote aliliona lote, hakukuwa na mahali pa kuficha kitu. Udanganyifu wa 2015 uliwezekana kwa kuwa gari la sasa lina mistari ya programu ambayo mnunuzi, fundi na hata serikali hawaioni.

Hilo hilo, kwa sura isiyo ya jinai, ndilo linalowasumbua wanunuzi wa mtumba kwetu. Giaboksi ya DSG, inayobadilisha gia yenyewe, ina klachi mbili: moja inashika gia za 1, 3, 5 na 7, nyingine 2, 4 na 6, kwa hiyo gia inayofuata huwa tayari kabla hujaihitaji. Ni tamu kuendesha. Lakini toleo la gia saba lenye klachi kavu halipendi foleni: ukitambaa mita mbilimbili klachi inasuguana na kupata joto, na ubongo wake wa majimaji na umeme unaoitwa mekatroniki ukifa bili yake inatisha. Hizi si porojo za vijiweni tu; mwaka 2013 huko China Volkswagen iliita magari zaidi ya 384,000 yarekebishwe kwa ajili ya giaboksi hizo. Kenya inapokea magari ya mtumba yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo Golf au Tiguan nyingi zinatua Mombasa umri ambao matengenezo makubwa yameanza kunukia, zikakutana na mafundi waliozoea Toyota. Fundi asiye na mashine ya kusoma kompyuta ya gari anabahatisha, anabadilisha spea moja baada ya nyingine kwa pesa yako, na lawama inakwenda kwa Mjerumani. Kwa hiyo ukiniuliza kama Volkswagen ni gari zuri nitakuuliza: injini ipi, giaboksi ipi, oili ilibadilishwa lini, na fundi wako ni nani? Toleo lenye klachi za kulowa kwenye oili, au la gia za mkono, ni habari nyingine kabisa.

Kampuni haijaisahau Afrika Mashariki. Polo Vivo zilianza kuunganishwa Thika Desemba 2016, na Juni 2018 kiwanda kikafunguliwa Kigali pamoja na huduma ya kuita gari kwa simu, kisha yakaletwa magari machache ya umeme ya majaribio. Ni biashara ndogo ukiilinganisha na pengo lililofunguka China, ambako kwa miongo Volkswagen ilikuwa mfalme, na ambako BYD, kampuni ya Kichina, iliipiku mwaka 2023.

Pengo hilo ndilo lililofanya mwaka 2024 wakuu watamke neno lililokuwa mwiko, kufunga viwanda Ujerumani. Jimbo na wafanyakazi walikaza, kama sheria ya 1960 ilivyowawezesha. Desemba wakakubaliana: nafasi za kazi zaidi ya 35,000 zitapungua hadi 2030, bila kufukuza watu kwa mkupuo. Na katika mapatano hayo uundaji wa Golf utaondoka Wolfsburg kwenda Puebla, Mexico. Ni kiwanda kilekile cha Puebla ambacho Julai 30, 2003 kilitoa kobe la mwisho, namba 21,529,464, likiwa limepambwa kwa maua huku wanamuziki wa mariachi wakiliimbia.